Siki Yenye Harufu ya Ubani

Mama yangu alikuwa hodari wa achari, na sisemi hivyo kwa kuwa ni mama yangu. Nimekula achari za watu wengi tangu wakati ule, za Mombasa, za Unguja, za Wahindi wa sokoni, na nyingi ni ndimu zilizotiwa chumvi zikaachwa zijitegemee. Yake ilikuwa na ukali unaoanzia pembeni mwa ulimi, halafu utamu wa embe, halafu kitu cha mwisho ambacho wateja walishindwa kukipa jina. Wengine walisema ni ubani. Waliamini kwamba mama huifukiza mitungi yake kabla ya kuijaza, kama watu wanavyoifukiza mitungi ya maji, na walipomuuliza alicheka tu akawaacha waamini. Kitu chenyewe kilitoka Ugiriki, ndani ya mvinyo mweupe, na ndicho kilichonivunjia ndoa.

Nianze na baba. Alikuwa kuli bandarini Tanga, akipakia marobota ya katani, mpaka siku robota lilipomwangukia akaumia mgongo. Miaka hiyo ya hamsini katani ilikuwa na bei, meli hazikosekani, na mtu asiyeweza kubeba hakuwa na sababu ya kusimama pale getini. Alikaa nyumbani akimtazama mama akiwatwangia watu mpunga. Kazi aliyoipata baadaye ilikuwa kwa Mgiriki mmoja mwenye ghala la mvinyo karibu na bandari. Haikuwa ya kubeba. Ilikuwa ya kupiga pampu, kukoroga, kuosha chupa na kugongomea vizibo. Mtaani kwetu Usagara kila mtu alijua, na kila mtu alijua pia kwamba katika dini yetu aliyelaaniwa kwa mvinyo si mnywaji peke yake. Yumo anayeubeba na yumo anayeumimina. Baba alilijua hilo kuliko wao. Nguo za kazi alizivulia uani, akaoga kabla hajagusa mlango wa ndani, na msikitini alijichagulia safu ya nyuma, mahali pa wanaochelewa, ingawa yeye alifika mapema. Hakuna aliyemfukuza. Watu wetu hawakufukuzi. Wanakupisha tu.

Alitueleza kazi yake kwa namna ambayo ungedhani anazungumzia mchele. Mvinyo mweupe ulikuja kwa mapipa kutoka nchi mbalimbali, na karibu wote ulifika umechoka, maana mweupe hauvumilii joto kama mwekundu. Wa Rasi, kule kusini kabisa mwa Afrika, ulikuwa mzito na mtamu, rangi yake kama majani makavu. Wa Aljeria ulikuwa mkali na hauna harufu yoyote. Kazi yake ni kuupa nguvu mwingine. Wa Ugiriki ulikuwa mwepesi, una uchachu kidogo, na ulinukia mti. Kila mmoja peke yake, Mgiriki alisema, ni nusu mtu. Basi akaamuru tia huu, punguza ule, koroga, subiri, nipe nionje. Alionja akatema kwenye beseni, akasema ongeza wa Rasi, na baba akaongeza. Yeye baba hakuonja hata siku moja, na sidhani kama alitamani. Mama alisema hakuna ajabu hapo, hata yeye hufanya vivyo hivyo kwa tui, la kwanza lina mafuta na la pili lina maji, na mchuzi hauendi kwa moja.

Mchanganyiko ule ukaingia kwenye chupa, ukabandikwa karatasi yenye picha ya zabibu, ukapelekwa klabu ya Wazungu na kwenye mashamba ya katani hadi Korogwe, ambako mameneja waliunywa kwa samaki wakiamini wanakunywa nchi moja. Wajerumani tu ndio hawakudanganyika. Wao waliagiza chupa zao ndefu nyembamba kutoka bonde la mto Rhine, na hizo baba aliruhusiwa kuzipangusa vumbi basi. Mimi jiografia yangu ndiyo hiyo. Niliijua Aljeria kabla sijaijua Dodoma.

Joto la Tanga likamshinda hata Mgiriki. Pipa moja, mchanganyiko wa Rasi na Ugiriki, liliachwa kwenye kona ya ghala, kizibo kikalegea, na mvinyo ukageuka siki. Mgiriki akataka limwagwe. Baba akaliomba.

Hakulileta nyumbani moja kwa moja. Alikwenda kwanza kwa mwalimu wa chuo, yule yule aliyetusomesha Kurani sote mtaani, akamuuliza hukumu yake. Mwalimu akamweleza kwamba mvinyo ukigeuka siki wenyewe unakuwa safi, na pipa lake linasafika pamoja nao, lakini kuna sharti moja. Usiwe umetiwa kitu. Hata chumvi, hata kitunguu. Ukiwa umetiwa kitu, siki hiyo ni najisi, na kila chombo ilichogusa ni najisi.

"Mlitia kitu?" mwalimu akauliza.

"Mvinyo kwa mvinyo, mwalimu. Zabibu kwa zabibu."

"Basi hiyo ni siki kama siki nyingine. Mle, na mie mnikumbuke."

Tulimkumbuka. Mtungi wa kwanza wa achari ya siki ile ulikwenda kwake. Mingine ikafuata kwa majirani, halafu kwa jamaa za majirani, mpaka wanawake wakawa wanatoka Ngamiani na Chumbageni kuja kuulizia. Wapo waliowapelekea ndugu zao ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Mama, aliyekuwa akiitwa kwenye shughuli za watu ili aoshe masufuria, sasa aliitwa akakae mkekani na wenzake, akatiliwa kahawa, akaulizwa habari za mgongo wa mumewe. Nilimwona akijifunza kukaa bila kuinuka kila mtu alipoingia. Kwa hilo tu ningeipenda siki ile hata kama ingekuwa sumu.

Posa yangu nayo ililetwa na achari. Mwanamke mmoja wa Pongwe alikuja kununua, akakaa sana kuliko mnunuzi wa kawaida, akanitazama nikipita na karai. Mwanawe alikuwa fundi cherehani. Mumewe alikuwa mzee wa heshima aliyesalisha watu huko kwao, na mama aliogopa kwamba mtu kama huyo hatakubali binti wa mtu wa ghala la mvinyo. Alikubali. Alisema riziki ya mtu haitazamwi kwa nje. Na yule fundi nilimpenda, nasema wazi, umri huu hauna haya tena. Alinishonea gauni bila kunipima, kwa kuniona mara moja tu nikiwa nimesimama na mama yake uani, na likanikaa kama limezaliwa nami.

Nikawekwa ndani. Somo wangu, yule kungwi wa kunifunda, mwanamke mwenye mikono migumu na mdomo usiopumzika, alinisinga manjano na liwa kila siku, nikawa wa njano mpaka kwenye kope. Siku za harusi zilikaribia hata mitungi ya achari ya karamu ilikuwa tayari imepangwa ukutani.

Alhamisi ya juma la mwisho, Mgiriki mwingine, mwenye shamba la katani, alikuja ghalani kuonja. Baba alimfungulia pipa la Ugiriki. Yule bwana akanusa, akafurahi, akamwambia baba kwa Kiswahili chake cha shambani kwamba harufu hiyo ni ya kijijini kwao.

"Ni ya mbao za pipa," baba akasema, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akituambia sisi.

Bwana akacheka. Akamweleza kuwa mbao hazina harufu hiyo. Kwao wanaugema msonobari kama watu wa hapa wanavyogema mnazi, na ule utomvu wanautupa ndani ya pipa wakati zabibu zinachacha, ili mvinyo usioze. Wanautia kwa mkono. Babu yake alikuwa akiutia, na baba yake.

Baba alimaliza kazi ya siku ile. Jioni alipita kwa mwalimu wa chuo, akamwambia alichosikia, na mwalimu akautoa nje mtungi wake wa achari, kwa sababu naye alikuwa amekula. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, baba akasimama kwenye safu yake ya nyuma akawaambia watu wote kwamba siki iliyotiwa kwenye achari ya mkewe ilikuwa na kitu ndani, kwamba ni najisi, waoshe vyombo vyao na wamsamehe.

Hakumwambia mama kwanza. Hilo peke yake lingetosha kumkasirikia mtu maisha.

Sisi nyumbani hatukujua lolote mpaka jirani wa kwanza alipokuja. Mimi nilikuwa chumbani na somo, pazia limeshushwa, nikasikia hodi.

"Karibu, mwenzangu," mama akasema.

"Sikai. Nimekurudishia mtungi wako."

"Umekwisha upesi hivyo?"

"Haujakwisha. Mume wangu kasema nisiulaze tena ndani." Akasita. "Muulize mumeo, mwenzangu. Kayasema msikitini mbele ya watu."

Akaja wa pili, akaja mwingine, kisha wakawa hawapigi hodi tena. Walikuja wakaweka mitungi kibarazani wakaondoka. Mwingine alisimama njiani akauliza kwa sauti kama chungu cha udongo kinasafika kwa kuoshwa au lazima kivunjwe, na mtu akamjibu kwamba udongo hunywa, bora kivunjwe. Nikasikia vikipasuliwa huko uchochoroni. Somo aliacha kunisinga. Mikono yake ilibaki mabegani mwangu.

Baba alipofika ilimbidi apite katikati ya mitungi kama mtu anayevuka shamba la maboga. Mama alikuwa amekaa kizingitini.

"Ungeniambia mie kwanza," akasema.

"Ningekuambia ungenizuia."

"Ndiyo. Ningekuzuia."

Mama aliinuka akaanza kuimwaga mitungi ile shimoni uani, mmoja baada ya mwingine, na hakumruhusu mtu amsaidie. Ukali wa siki ulipanda mpaka chumbani, na ndani yake ile harufu nzuri. Watu walikuwa na haki, ilinukia ubani kweli.

Maneno hayakuchelewa. Hakuna aliyesema baba ametenda wema kuungama. Walisema alijua tangu mwanzo. Walisema mtu anayekoroga mvinyo kila siku atakosaje kujua kilichomo, na kwamba amesema sasa tu kwa kuwa yule bwana wa shamba angesema kabla yake. Nawashangaa watu hao hadi leo. Mtu aliyenyamaza wangemwachia achari yake na heshima yake. Aliyesema ndiye waliyemwona mwongo.

Siku ya pili yake yule mzee wa Pongwe, mkwe wangu mtarajiwa, akaja na wazee wawili. Hakuja kwa ugomvi. Nilimsikia kutoka nyuma ya pazia, sauti yake ya upole, ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Nasema nawe kama ndugu yangu," alimwambia baba. "Watu wasema ulijua. Mie sisemi. Lakini mwanangu ataoa kwako, na nami nasalisha watu. Twende kesho msikitini baada ya alasiri, ushike Msahafu uape kuwa hukujua. Ukishaapa, atakayesema tena atakuwa anasema na mie. Na harusi ni pale pale tulipoiweka."

Baba akamshukuru. Hakusema ndiyo wala hapana, lakini sisi wanawake tulisikia ndiyo. Somo akaanza tena kunisinga.

Asubuhi nikatoka chumbani. Mwari hatoki, lakini nilitoka, wa njano vile vile, nikamkuta baba uani anatawadha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Rudi ndani, watu watakuona."

"Baba, ulijua?"

"Sikujua."

"Basi utaapa."

Akaweka kopo chini. "Niliisikia harufu," akasema.

"Harufu si kujua."

"Nimeosha mapipa ya nchi zote, mbao zao ni hizo hizo za mwaloni. La Rasi halinuki hivyo. La Aljeria halinuki hivyo. Ni la Ugiriki peke yake. Siku mwalimu aliponiuliza kama tulitia kitu, harufu ilinijia puani pale pale nilipokaa. Nikasema mvinyo kwa mvinyo. Sikusema uongo. Lakini ningemuuliza Mgiriki angeniambia, na sikutaka kuambiwa."

"Nani atajua ulichosikia puani mwako?"

"Wewe sasa wajua."

Nilipiga magoti. Sijawahi kumpigia magoti mtu mwingine yeyote, wala mume wala serikali. Nilimwambia kwamba nampenda yule kijana. Neno hilo binti hakumwambia baba yake zama zetu, na nililisema hapo kwenye maji ya udhu yaliyomwagika. Nilimwambia sitampata mwingine kama yule. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanishika kichwa, akatoa mkono, kiganja chake kikawa cha njano, na akaenda kunawa upya.

Alasiri walikwenda. Yaliyotokea msikitini nilielezwa na mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekuwa amekaa karibu nao. Msahafu uliletwa umefungwa kitambaa cheupe. Baba akaushika kwa mikono miwili, akasema anaapa kwamba hakutia kitu kwa mkono wake, na anaapa kwamba kabla ya Alhamisi hakuna aliyemwambia.

"Na kuwa hukujua," mzee wa Pongwe akamkumbusha.

"Hilo siapi."

"Wasema basi kuwa ulijua?"

"Nasema nilichagua kutojua. Sina kiapo cha jambo hilo."

Mjomba alisema mzee alimrudia swali lile, akilibadilisha maneno kila mara, akilipunguza, akitafuta kiapo kidogo ambacho baba angeweza kukibeba. Alikuwa kama anayembembeleza mtoto ale. Baba alitikisa kichwa kila mara. Mwishowe mzee akauchukua Msahafu mikononi mwake, akaubusu, akasema basi, kila mtu na riziki yake, akaenda zake Pongwe.

Mjomba alipomaliza kusimulia, mama akaja chumbani na beseni la maji ya moto na sabuni ya mche. Manjano hayatoki upesi. Alinisugua mpaka ngozi ikawasha, na nilipoanza kulia akaendelea kusugua.

Mengine ni ya kawaida. Fundi wangu alimwoa binti wa Muheza kabla ya mvua za masika. Sikusikia kwamba alipigania lolote, na sikutegemea apiganie. Alikuwa mwana mwema kwa baba yake. Mama hakutengeneza tena achari, na alirudi kwenye mpunga wa watu. Na baba akarudi ghalani, kwa kuwa mgongo ulikuwa ule ule na kazi nyingine haikuwapo. Aliendelea kuuchanganya wa Rasi na wa Aljeria na wa Ugiriki, na mameneja wakaendelea kuunywa kwa samaki. Hakuna kilichoharibika upande ule. Alipotoka kazini alinisalimia kwanza mimi, ingawa kwa desturi mtoto ndiye humwanza mzazi, na nilimwitikia kwa adabu yote bila kumtazama. Aliwahi kuniomba radhi. Nilimwambia hana kosa. Ukitaka kumfungia mtu mlango kabisa, mwambie hana kosa.

Nikaozwa kwa mwanamume wa Pangani aliyefiwa na mke, mwenye watoto wanne, mtu mkimya asiyenipiga. Sina zaidi la kusema juu yake.

Baba alikufa kwa homa kabla nchi haijapata uhuru. Nilifika kutoka Pangani wakati wanaume wameshamchukua, nikakaa na wanawake chumbani, tumbo langu likiwa kubwa. Kwetu maiti akishasaliwa, imamu huwageukia watu akawauliza mwamshuhudiaje marehemu huyu, na watu hujibu mtu mwema, na huulizwa mara tatu ili jibu lishike. Mjomba aliporudi kutoka makaburini alitupa habari zote kupitia mlango wa chumba. Alisema msikiti ulijaa mpaka nje. Alisema imamu alipouliza, sauti ya kwanza kutoka ilikuwa ya yule mzee wa Pongwe, aliyekuja kwa miguu asubuhi hiyo akiwa na fimbo. Alijibu kabla imamu hajamaliza swali, na mara ya tatu sauti yake ilikatika.

Wanawake wakasema inna lillahi. Mama, ambaye kwa miaka ile yote hakuwa amemwambia mumewe ila maji yapo na chakula kipo, alikuwa ameinamisha uso kwenye kanga yake. Nikamsikia akijibu, kwa sauti ndogo, kana kwamba imamu amemgeukia yeye.

"Mtu mwema."

Bibi aliyekuwa kando yangu akajibu vivyo hivyo, na aliyefuata, mpaka neno likazunguka mkeka mzima likafika kwangu. Wakanitazama. Nilijua kwamba ni kweli, nilijua kuliko wote waliokuwamo chumbani. Nilifungua mdomo na neno halikutoka.